Kabla Hujahesabu Noti

Umekuja saa nne asubuhi, Bwana Rweyongeza,
na kiatu kinachong'aa,
na dalali Sembuche akikutangulia kama mwenye nyumba.
Karibu. Lakini saa nne ya Julai
kila nyumba ya Nkuhungu ni nzuri.

Rudi Januari, mvua ikishapiga siku mbili.
Vua hicho kiatu, simama pale mferejini,
maji yakuoneshe yenyewe njia yao.
Mwaka mmoja yaliingia sebuleni bila hodi,
yakakaa mpaka Ijumaa.
Tukainua kizingiti kwa matofali mawili.
Hesabu mwenyewe: mawili.

Rudi na usiku, bila Sembuche.
Usiseme lolote, sikiliza tu.
Muziki wa hapo nyuma huzimwa saa nane,
mashine ya kukoboa huwashwa saa kumi na moja.
Katikati ndipo tunapolala.

Fungua bomba. Si la jikoni, hilo lina tangi.
La uani.
Jumatatu na Alhamisi linatoa,
siku nyingine linakohoa tu.
Ya kisima yana chumvi. Chai yake utaizoea;
mchicha hauzoei.

Nyuma ya kabati kuna ufa.
Sembuche alinisihi nisilisogeze.
Shika huko, nishike huku. Umeuona?
Nimeuziba mara nne.
Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakujenga juu ya udongo huu mweusi
unaovimba kifuku,
kiangazi ukapasuka kama kisigino.
Mlete fundi wako autazame.
Wangu ni mjomba wa Sembuche.

Sasa karatasi.
Usiiamini hati kwa kuwa nimeishika kwa mikono miwili.
Ipeleke ofisi ya ardhi, uliza jina,
uliza kodi, uliza kama kuna benki imeilalia.
Utalikuta jina la Ndahani, marehemu,
na mimi msimamizi wa mirathi, kwa muhuri wa mahakama.
Mdogo wake, Mhembano, yuko Kibaigwa,
anasema kuanzia mpapai kwenda nyuma ni kwake.
Si kwake.
Lakini usitoe hata shilingi
kabla hajatia sahihi mbele ya wakili:
asiyeshika kalamu leo
kesho atakuja kupima mpaka kwa panga.

Mawe ya mipaka ni manne.
La kaskazini limo ndani ya banda la kuku la Mama Lechipya.
Hatujawahi kugombana, kuku hawana hati.
Ila liandikeni, wewe na yeye,
mkiwa bado mnasalimiana.

Bei.
Sembuche amekutajia milioni sitini na mbili.
Mimi nilimtajia hamsini na tano.
Hizo saba ndizo hizo hapo, zimekaa kiti cha tatu,
zinakunywa soda yangu.

Usikohoe, Sembuche. Udalali wako utapata,
ule tuliokubaliana.

Unauliza kwa nini nakufukuza.
Sikufukuzi.
Mwaka tisini na sita na sisi tulikuja hapa asubuhi,
kiangazi, mimi na mimba ya miezi saba,
tukaambiwa maji ni kila siku.
Ndahani alibeba ndoo miaka kumi na tisa
na hakumtukana yule mtu hata mara moja.
Nilimtukana mimi, kwa niaba yake.
Sitaki mkeo anitaje
kila anapojitwika.

Kama bado unaitaka,
lipia benki, si mkononi, si mezani kwenye bia.
Siku hiyohiyo tusome mita ya maji wote wawili,
deni langu lisije kukubishia hodi.
Vitasa badili vyote. Wanangu wana funguo,
na mwingine sijui uliishia wapi.

Ila mlango wa nyuma, hata kwa kitasa kipya, utakataa.
Usiupige teke.
Unyanyue kwanza, kidogo tu,
kama unavyomnyanyua mgonjwa aliyesinzia,
ndipo uzungushe ufunguo.